Je, Wajua? Kifundo Kipya, Siku Chache Hospitalini

Je, wajua kwamba kifundo cha mguu ni makutano ya mifupa mitatu tu? Ukitembea, hubeba mzigo unaouzidi uzito wa mwili wako mara kadhaa.

Je, wajua kwamba nyonga na goti huchakaa zaidi kwa umri, ila kifundo huharibiwa hasa na jeraha la zamani? Mguu uliovunjika katika ajali ya pikipiki ukaunga vibaya huweza kumtesa mtu miaka mingi baadaye.

Je, wajua kwamba madaktari Wafaransa Lord na Marotte waliweka kifundo cha bandia badala ya kilichoharibika mwaka 1970?

Je, wajua kwamba huko Ulaya na Marekani baadhi ya wagonjwa waliowekewa kifundo cha bandia hurudi nyumbani siku ileile? Tafiti zimeona kwamba wakichaguliwa vizuri, hawapati madhara zaidi ya wanaolazwa. Huchaguliwa mwenye moyo imara, sukari iliyodhibitiwa na mtu wa kumuuguza.

Je, wajua kwamba ganzi ya mguu anayodungwa mgonjwa wa upasuaji huu hudumu saa nyingi, kisha huisha ghafla, mara nyingi usiku? Dawa ya maumivu inywewe kabla ganzi haijaisha.

Je, wajua kwamba ngozi ya kifundo ni nyembamba na kidonda cha upasuaji wake hupona polepole? Inua mguu juu kuliko moyo. Ukiona usaha, homa, shavu la mguu limevimba na kuuma, au pumzi inakatika, rudi hospitali usiku huohuo.

Je, wajua kwamba hata hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, upasuaji hufanyika, na kwamba Kliniki Salama, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), imewapasua majeruhi wengi wa risasi na mapanga wa mkoa wa Ituri?

Je, wajua kwamba Septemba 2002 wagonjwa waliuawa vitandani mwao katika hospitali ya Nyankunde, humu humu Ituri? Kitanda peke yake si usalama.

Je, wajua kwamba katika hospitali kadhaa za Kongo aliyepona huzuiliwa kwa sababu ya deni? Siku hizo za ziada hazimponyi, zinamzidishia deni.

Basi mgonjwa wako akiruhusiwa mapema, usihesabu siku alizolala. Uliza: nani atakesha naye? Mvua ikinyesha, barabara inapitika? Na usiku, tumpigie nani simu? Majibu yakiwepo, mpeleke nyumbani. Yakikosekana, omba abaki.