Raia au Mhamiaji: Nani Anapima, na kwa Kipimo Gani?



Katika vikundi vya akiba na mikopo tunavyovitembelea kwenye vijiji vya mpakani, tulitegemea kuulizwa juu ya riba, mbegu na bei ya kahawa. Hayo huulizwa. Lakini kikao kikishafungwa na watu wakaanza kuchukua baiskeli zao, mara nyingi mmoja humvuta mwezeshaji pembeni na kuuliza jambo jingine: "Mtu akisema mimi si raia, ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema hivyo?" Makala hii inajaribu kujibu swali hilo. Jibu hubadilika kulingana na unayemuuliza, na kubadilika huko kumewagharimu watu mashamba, ng'ombe na hata ndoa.

Kwa msomaji aliye mbali na huku, Mkoa wa Kagera unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana bila mkalimani. Mipaka ilichorwa na wakoloni bila kuuliza nani ameoa wapi. Juu ya ujirani huo wa zamani vikaja vipindi vya wakimbizi. Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walipokelewa, na mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wapatao 36,000. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu, na wengi wa wakimbizi hao walirudishwa kwao Desemba 1996. Anayesema kwamba huku ni rahisi kujua nani ametoka wapi, huyo hajakaa huku.

Sheria inavyosema

Uraia unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ambayo inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Kwa maandishi ya kifungu cha 5, mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia wa kuzaliwa. Walioachwa nje ni wachache: watoto wa wanadiplomasia wa kigeni, na watoto wa adui waliozaliwa mahali palipokaliwa na adui huyo. Ukisoma kifungu hicho mara mbili hutaona sharti kwamba mzazi mmoja awe raia. Lakini katika utendaji, maofisa huuliza uraia wa baba na mama, na kwa mtu wa mpakani huendelea mpaka kwa babu na bibi.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza inapoanzia. Sheria iliyochapishwa inasema hili, dawati linatumia lile, na mwananchi hana mahali pa kuisoma kanuni ya dawati.

Swali la babu lina chanzo chake. Kwa waliozaliwa kabla ya Uhuru, haikutosha kuzaliwa Tanganyika. Ili mtu awe raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961, ilibidi pia angalau mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini hutakiwa kuonyesha mahali alipozaliwa mama yake, katika miaka ambayo usajili wa vizazi haukuwafikia watu wa vijijini. Ushahidi wa maandishi unaopatikana mara nyingi ni kitabu cha ubatizo cha usharika au cha parokia. Nimeona vitabu hivyo vimeliwa na mchwa, na nimeona mzee akilia kwa furaha baada ya mwinjilisti kulikuta jina la mama yake.

Kuhusu tajnisi nitasema kwa ufupi. Mwombaji anatakiwa awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia hiyo. Ajue Kiswahili au Kiingereza na awe na tabia njema. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake mahsusi. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Katika vijiji ambako watu wameoana kuvuka mto tangu enzi za mababu, tofauti hii ina maana kwamba kaka aliyeoa ng'ambo anaweza kumweka mke wake katika hali ya halali kwa urahisi zaidi kuliko dada yake anavyoweza kwa mume wake.

Nani ana mamlaka gani

Mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji anawajua watu wake, na ndiye anayetoa barua ya utambulisho. Barua hiyo ni ushahidi kwamba mtu anakaa pale na anafahamika. Haimpi mtu uraia wala haimvui. Hata hivyo, katika maisha ya kila siku barua hiyo ndiyo lango la kwanza, na hapo ndipo neno "mgeni" linapopata bei. Katika kijiji kimoja tulikuta familia iliyokaa pale zaidi ya miaka arobaini, ikachangia shule na zahanati bila kuulizwa chochote. Ulipozuka ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba, ndipo ikagundulika ghafla kwamba babu yao "alitoka ng'ambo". Aliyegundua alikuwa jirani anayelidai shamba lile. Na barua ya utambulisho, iliyokuwa ikitolewa miaka yote, ikaanza kuchelewa.

Mgambo na sungusungu hukamata, lakini kazi yao ni kumfikisha mtu polisi, si kumhoji juu ya ukoo wake kando ya barabara. Polisi wanaomkamata mtu bila hati wanapaswa kumweleza sababu, na kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au, isipowezekana, suala la dhamana lifikiriwe. Mkuu wa Wilaya anaweza kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48 chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, kwa sababu zilizotajwa katika sheria hiyo. Maofisa wa Uhamiaji ndio wenye kazi ya kuchunguza uraia na ukaazi, na maamuzi mazito, kama tajnisi na amri ya kumfukuza mtu nchini, yako kwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Ukiupanga mlolongo huo utaona kwamba, kati ya wanaoweza kumsimamisha mtu njiani na kumwambia "wewe si raia", wengi hawana mamlaka ya kuliamua jambo hilo. Kwa kuwa hawana kipimo cha kisheria, hutumia walicho nacho, yaani lafudhi, sura, jina la ukoo. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12, ambapo watu walipimwa kwa kutamka "Shibolethi" kwenye vivuko vya Yordani. Kwa Mhangaza kipimo cha lafudhi ni mtego, maana Kihangaza chake cha kuzaliwa kinafanana na Kirundi.

Ndugu wawili, majibu mawili

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja, waliozaliwa katika nyumba moja. Mkubwa alikwenda kutafuta kazi Mwanza, akajiandikisha kule kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na baada ya muda akakipata. Mdogo alibaki nyumbani kuwatunza wazazi. Alijaza fomu ile ile, akaambatisha vyeti vya aina ile ile, akaambiwa jina lake bado linahakikiwa. Laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho, na muda wa mwisho ukafika tarehe 20 Januari 2020, laini yake ilizimwa. Tangu hapo alipokea fedha za kahawa kwa simu ya mke wake. Aliponiuliza iwapo damu ya kaka yake imebadilika kwa kuvuka ziwa, sikuwa na la kumjibu.

Ninaelewa kwa nini uhakiki ni mkali zaidi mpakani. Hilo lina sababu. Kinachokosekana ni orodha moja ya vielelezo inayojulikana kwa wote, muda maalumu wa kujibiwa, na sababu ya maandishi pale mtu anapokataliwa. Bila hivyo, ukali hugeuka kuwa bahati nasibu.

Yaliyotokea mwaka 2013

Mwishoni mwa Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke wenyewe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Chanzo chake hakikuwa cha kubuni. Kwa miaka mingi mabasi yalivuka misitu ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya utekaji, na makundi makubwa ya ng'ombe yaliingizwa katika mapori ya hifadhi. Mwananchi aliyetaka kusafiri bila kuporwa alikuwa na haki ya kudai hatua zichukuliwe.

Tatizo lilikuwa kipimo. Maelfu waliondoka, wakiwemo watu waliokuwa wamekaa nchini kwa miongo, na familia za ndoa mchanganyiko ziligawanyika. Rwanda ilifungua vituo vya muda vya kuwapokea, kimojawapo Kiyanzi, wilayani Kirehe. Operesheni hutaka matokeo ya haraka. Uraia ni suala la vielelezo, mashahidi na rufaa, na mambo hayo hayaendi kwa kasi ya gari la doria.

Mwaka uliofuata Serikali hiyo hiyo ilionyesha njia nyingine. Kuanzia Oktoba 2014 ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa Warundi wapatao 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi katika Kanisa letu wanayajua makazi hayo kupitia TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri Duniani kuhudumia wakimbizi. Zoezi lile lilichukua miaka na lilikwama zaidi ya mara moja, lakini kila mwombaji alihojiwa, akaandikwa na akapewa jibu. Kwa hiyo nchi inaweza. Mtu wa Mishamo alipimwa kwa utaratibu, na mtu wa Karagwe akapimwa kwa operesheni, ndani ya miezi kumi na minne.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ililigusa jambo hili katika hukumu ya tarehe 22 Machi 2018. Mlalamikaji alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Pasipoti ilichukuliwa mwaka 2012 alipokwenda polisi kwa taratibu za ndoa, na mwaka 2014 alipelekwa Kenya. Kenya nayo ilimkataa, akabaki akiishi katikati ya mipaka miwili. Mahakama ilisema kwamba mtu akishaonyesha hati za uraia zilizotolewa na nchi yenyewe, mzigo wa kuthibitisha kinyume unahamia kwa Serikali. Iliagiza pia sheria irekebishwe ili mwenye mgogoro wa uraia awe na njia ya kwenda mahakamani. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na hatua hiyo ikaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Hukumu ile haikufutwa kwa hilo, na wakili au msaidizi wa kisheria anaweza kuitaja anapomtetea mtu.

Kwa wasomaji wetu wa mpakani

Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao hailipiwi. Mtu akikamatwa, ndugu zake waulize mambo matatu na kuyaandika: jina na cheo cha aliyekamata, kosa linalotajwa, na saa ya kukamatwa. Saa ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayohesabiwa.

Cheti cha kuzaliwa ni uthibitisho wa kuzaliwa, si cha uraia, lakini bila hicho mengine yote huwa magumu. Asiye nacho anaweza kuomba akiwa mtu mzima, na cheti cha ubatizo ni kati ya vielelezo vinavyokubaliwa. Tunawaomba makatibu wa sharika wasitoze watu fedha kwa kufungua kitabu cha ubatizo, na vitabu vya kabla ya mwaka 1961 vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa mchwa hawasubiri bajeti.

Nakala za vyeti zisikae nyumba moja na vyeti vyenyewe. Familia kadhaa zilitusimulia kwamba mwaka 2013 zilitoka na nguo za mwilini, na karatasi zote zilibaki ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nakala moja iachwe kwa ndugu anayekaa kata nyingine, au kwa mchungaji.