Mipapai, matikiti na shamba la jirani: mbona pampu ya dawa haifui dafu?



Kijana wa Sikonge akichoka na tumbaku, haichukui muda atasikia mtu anamwambia "panda mipapai". Sio ushauri mbaya, maana ndani ya mwaka mmoja hivi unaanza kuvuna. Ila kuna ugonjwa wa virusi ambao ukiingia shambani unaweza kukufilisi, na hela ya dawa ikaenda bure. Bora tuuelewe kabla hujachukua mkopo.

Dalili zake hizi hapa. Majani yanapata mabaka ya njano, mengine yanasinyaa mpaka yanakuwa membamba kama kamba za viatu. Kwenye vikonyo unaona michirizi kama imepakwa mafuta, na kwenye tunda vinatokea viduara. Ukilila papai hilo halikudhuru, ila utamu unapungua na mti unadumaa. Mti ukishaugua hauna tiba.

Sasa ugonjwa unatoka wapi? Mara nyingi kwa jirani. Virusi vinavyouleta vinaishi pia kwenye matikiti, matango na maboga. Mwaka 2008 watafiti waliripoti kwamba mipapai ya Kongo (DRC) imekutwa na kirusi cha matikiti kilichojulikana kwanza Morocco. Mwaka 2020 kikaripotiwa kwenye mipapai ya Kenya. Yaani tumezungukwa.

Anayekisambaza ni kidukari, yule mdudu mdogo laini anayejazana chini ya jani. Na hapa ndipo tumbaku inapoingia. Tumbaku yenyewe haiugui ugonjwa huu, lakini kuna aina ya vidukari wanaozaliana sana kwenye tumbaku ambao wanaweza kubeba virusi vya mipapai. Wakiota mabawa wanahama, wanaonja huku na kule wakitafuta pa kukaa. Akionja tango linaloumwa kwa sekunde chache tu, mdomo umeshachafuka. Akija kuonja mpapai wako, kwisha habari.

Ndio maana pampu haisaidii. Dawa inahitaji muda kumuua kidukari, wakati yeye kazi yake anaimaliza kwa sekunde. Unaua mdudu, mti umeshaambukizwa.

Yaliwakuta Hawaii. Mwaka 1992 ugonjwa huu uliingia Puna, wilaya iliyokuwa inatoa karibu mapapai yote ya visiwa vile. Miti ikang'olewa, lakini mashamba mengine yalitelekezwa na miti yake mgonjwa, yakawaambukiza majirani. Walikuja kupumua mwaka 1998, baada ya kupata papai lililobadilishwa vinasaba.

Sisi tufanyeje?

1. Usipande mipapai kando ya matikiti, matango au maboga. Kama bustani ya bondeni ni ya jirani, muongee kabla ya msimu.

2. Zungushia shamba mistari ya mahindi au mtama. Kidukari akianzia kuonja pale, anaufuta mdomo wake kabla hajafika kwenye mpapai.

3. Ukiona mti wenye dalili, ng'oa siku hiyo hiyo, hata kama una matunda. Ukiuonea huruma huo mmoja, utaipoteza mia.

4. Tumbaku ikishavunwa, ng'oeni mashina. Yakichipua yanafuga vidukari.

5. Miche inunue kwenye kitalu kisicho na mipapai mgonjwa karibu.

Na tafadhali, msikate miembe mkidhani ndiyo inayoleta. Miembe yetu, ikiwemo ile ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji, haihusiki kabisa.

Ugumu uko hapa: mmoja akifuata yote haya na jirani yake akiacha shamba bovu limesimama, wote wanapata hasara. Hili ni suala la kikao cha kijiji, sio la duka la pembejeo. Wadau wa Ipole, Tutuo na Sikonge mjini, nani ataanza kuitisha kikao?