Kabla udungwe sindano za mgongo, sikia hii ya Wajerumani

Kama mgongo wako umekuwa ukiuma tangu mwaka jana, na kila wiki uko kwa chemisti ukinunua tembe za maumivu, lazima kuna msee ashakuambia: "Si uende kwa wale Wachina wakudunge sindano?" Kabla utoe doo, sikia.

Tiba yenyewe ni pacha. Kuna akupancha, sindano nyembamba sana zisizo na dawa ndani, zinazodungwa sehemu maalum za mwili. Halafu kuna moksa, ambapo majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga huchomwa karibu na ngozi ili joto liufikie msuli. UNESCO iliziorodhesha pamoja kama turathi ya Uchina mwaka 2010.

Sasa, zinasaidia? Kupima tembe ni rahisi: huyu anapewa halisi, yule ya unga mtupu, hakuna anayejua yake ni gani. Lakini sindano utaifanyaje feki na mtu anaihisi?

Wajerumani walijaribu. Walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, wakawagawa mara tatu. Kundi moja lilidungwa inavyotakiwa. La pili lilidungwa juu juu tu, tena mahali ambapo si pa akupancha. La tatu likapata matibabu ya kawaida: dawa, mazoezi na kunyooshwa viungo. Matokeo yalitoka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa sindano halisi walikuwa asilimia 47.6. Kwa feki, 44.2. Kwa matibabu ya kawaida? 27.4.

Yaani feki ilikaribiana na halisi, na zote zikaacha hospitali nyuma! Wapinzani wakasema ni imani tu. Watetezi wakajibu kwamba hata sindano ya juu juu bado ni sindano, na mwili unaisikia. Mimi naona kuna kitu kingine: kila kipindi kilichukua nusu saa. Wewe mara ya mwisho daktari alikaa nawe nusu saa ni lini?

Mwaka 2018 watafiti walijumlisha majaribio 39 yenye wagonjwa zaidi ya 20,000. Sindano halisi ilishinda feki, ila kwa pengo dogo, na nafuu nyingi ilidumu hata mwaka mzima. Moksa bado iko nyuma kwa ushahidi, maana moto kuufanya feki ni noma zaidi, na pia unaweza kukuchoma.

Ukiamua kujaribu, usikubali kulipia vipindi ishirini kwa mpigo. Marekani, bima ya serikali ya wazee ilianza kulipia maumivu sugu ya kiuno Januari 2020: vipindi 12 ndani ya siku 90, na kama huoni nafuu, inaacha kulipa. Wewe pia jiwekee kikomo chako. Sindano ifunguliwe kutoka pakiti mpya ukiona, na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Na kama miguu inakufa ganzi au mkojo unakutoka bila kujua, hapo sahau sindano. Enda hospitali leo leo.