Roho, Nafsi na Atma: Kiswahili Mbele ya Falsafa ya Bara Hindi

Mfanyabiashara wa Manundu, katika mji wa Korogwe, anayehesabu mauzo yake kwa laki, akatia pesa kibindoni na kungojea gari, huwa ametumia maneno matatu yaliyotoka Bara Hindi. Akimlaumu bepari au akilipia bima, huongeza mengine mawili. Lakini jioni, akizungumza habari za kufa na za Mungu, hatamki hata neno moja la asili hiyo. Roho, nafsi, dhambi, toba na rehema ni maneno ya Kiarabu. Moyo, mzimu na jina lenyewe la Mungu ni ya Kibantu. Ukopaji huu wa upande mmoja unastahili kuchunguzwa. Watu walioleta laki na pesa walikuja pia na mojawapo ya falsafa kongwe kabisa kuhusu uhusiano wa nafsi ya mtu na Mungu, wakaishi jirani na Waswahili vizazi kwa vizazi.

Sababu za kihistoria hazina utata mkubwa. Mabaniani waliokuwa Unguja katika karne ya 19, kama wale wa kampuni ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani kwa miongo mingi, walizungumza Kiswahili gatini na ghalani, bali ibada waliifanya kwa Kigujarati, Kikachi na Kisanskriti. Hawakutafuta waongofu. Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yalipoenea, maduka ya Wahindi yalifuata njia hiyo hiyo pamoja na desturi hiyo hiyo. Uislamu ulikwisha kufundishwa kwa Kiswahili, na Ukristo ukatafsiriwa kwacho. Dini ya Mhindu ilibaki nyuma ya pazia la duka. Jirani aliijua kwa dalili za nje tu: hawali nyama ya ng'ombe, na maiti wao huchomwa. Baada ya sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha, familia nyingi za Kihindi ziliihama miji midogo ya Tanzania, na wa kuulizwa wakapungua.

Kiini cha falsafa yenyewe kimo katika Upanishadi, maandiko ambayo sehemu zake za kale zilitungwa kabla ya kuzaliwa Kristo kwa karne kadhaa. Humo huulizwa: ndani ya mtu, ukiuondoa mwili, pumzi, hisia na fikra, hubaki nini? Kinachobaki huitwa atma. Na nyuma ya ulimwengu wote, vitu vyote vikiondolewa, hubaki nini? Hicho huitwa Brahman. Swali zito ni la tatu: je, mabaki hayo mawili ni kitu kimoja au viwili?

Wanafalsafa wa India walijibu kwa njia nyingi, na tatu kati yake zilipata umashuhuri wa pekee. Shankara, ambaye wanazuoni wengi humweka katika karne ya 8, alisema ni kitu kimoja. Mfano unaopendwa na wafuasi wa mkondo huo ni wa mtungi: uwazi uliomo ndani ya mtungi huonekana tofauti na uwazi wa nje, lakini mtungi ukivunjika hakuna kinachosafiri kwenda popote. Ramanuja, wa karne ya 11 na 12, alikataa umoja wa namna hiyo. Kwake, nafsi zote na ulimwengu ni mwili wa Mungu: haviwezi kuwapo bila yeye, ila si yeye. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi akashikilia kwamba Mungu na nafsi ni wawili daima, na kwamba tofauti hiyo haifutiki hata katika wokovu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mabishano haya ya karne nyingi yanaweza kuonyeshwa kwa viunganishi vitatu vidogo. Shankara anasema nafsi *ni* Mungu. Ramanuja anasema nafsi ni *ya* Mungu, kama mkono ulivyo wa mtu na si kama jembe lilivyo la mtu. Madhva anasema nafsi iko pamoja *na* Mungu. Kiambishi cha uhusiano cha Kiswahili, hata hivyo, hakitofautishi mkono na jembe: vyote viwili huchukua *-a* ile ile. Kwa hiyo ni msimamo wa Ramanuja, ule wa kati, ambao Kiswahili hupata taabu kuueleza bila maelezo ya ziada. Wa Shankara hausumbui sarufi kamwe; husumbua masikio.

Taabu kubwa zaidi imo katika nomino. *Roho* ndiyo hufikiriwa kwanza, lakini katika Kiswahili roho ni kitu ambacho mtu *anacho*. Husemwa ana roho nzuri, ana roho mbaya. Ni nadra kusemwa mtu ni roho. Tena neno hilo limeshikamana na koo na tamaa: mroho ni mlafi. Atma, ambayo kwa mujibu wa Upanishadi haina njaa wala haja, inavishwa hapa vazi la mwenye uchu.

*Nafsi* inafaa zaidi, kwa sababu ambayo yumkini haijatiliwa maanani vya kutosha. Katika Kisanskriti, atma hutumika pia kama kirejeshi cha kawaida, kwa maana ya "mwenyewe". Kiswahili nacho husema "mimi nafsi yangu", na wanasarufi wake hutaja nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lugha mbili zisizo na udugu zimekutana mahali pamoja: kile kinachosema "mimi". Kasoro ya neno hili imo katika malezi yake. Katika mafundisho ya Kiislamu, nafsi mara nyingi ndiyo iamrishayo maovu, na mja huagizwa apigane nayo. Kumwambia msikilizaji aliyelelewa hivyo kwamba nafsi yake ni ya kiungu ni kumwambia jambo lililo karibu na kinyume cha kilichokusudiwa. Wapo wanaopendekeza kukopa *atma* moja kwa moja. Pendekezo hilo si geni kama linavyoonekana: kila msomaji wa magazeti aliyekutana na jina la Mahatma Gandhi amekwisha kulitamka neno hilo, likiwa na *maha*, yaani kuu, mbele yake.

Hata nomino ikipatikana, upatanisho wa kisarufi humngoja mfasiri mlangoni. Waswahili Wakristo husema "roho yangu imechoka", lakini "Roho Mtakatifu alishuka". Nomino ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba ya pili inasadikiwa kuwa mwenye utu, ikavutwa kwenye upatanisho wa viumbe hai. Sasa achukuliwe mfasiri wa *paramatma*, Nafsi Kuu. Ataandika "Nafsi Kuu inakaa moyoni" au "Nafsi Kuu anakaa moyoni"? Akiandika *inakaa*, amemfuata Shankara, ambaye kwake Brahman wa juu kabisa hana sifa wala umbo. Na kweli, katika Kisanskriti, Brahman ni nomino isiyo ya kiume wala ya kike. Akiandika *anakaa*, amejiunga na waja wanaompenda Mungu kama mpenzi, mzazi au bwana. Kisanskriti kina nafasi ya kuahirisha uamuzi huo. Kiswahili hakina: kitenzi hakiwezi kutamkwa kikamilifu mpaka upande umechaguliwa.

Katika Afrika Mashariki, upande uliosikika zaidi ni wa *anakaa*. Jumuiya ya BAPS, inayofuata mafundisho ya Swaminarayan (1781–1830), ilifungua hekalu Nairobi mwaka 1945, na jingine kubwa la mawe mwaka 1999. Mafundisho hayo hutaja mambo matano ya milele, na nafsi haigeuki kuwa Mungu kamwe; hutakaswa ili imtumikie. Mwaka 1971 Prabhupada, mwanzilishi wa harakati ya Hare Krishna, alihubiri Nairobi na Mombasa, akifuata mkondo wa Chaitanya wa Bengali unaosema kwamba nafsi ni moja na Mungu na papo hapo ni mbali naye, kwa namna isiyofikirika. Hapo *ni* na *na* hutamkwa kwa pumzi moja.

Isidhaniwe kwamba usemi wa Shankara hauna jamaa yoyote pwani. Wafuasi wa tarika wanaijua dhana ya fanaa, mja kutoweka katika uwepo wa Mola wake, na wanajua pia kwamba al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922 baada ya kusemwa kwamba amevuka mpaka. Tofauti ni kwamba kwa Sufi umoja ni mwisho wa safari. Kwa Shankara safari haikuwapo.

Mahali ambapo mambo haya hugusa watu wa Manundu ni msibani. Jirani Mhindu akifiwa, Mswahili hutafuta neno. "Amekata roho" ni usemi wa kila siku, lakini sura ya pili ya Bhagavad Gita inafundisha kwamba silaha haiwezi kuikata atma wala moto kuiunguza. "Marehemu" humweka maiti chini ya rehema ya Mungu, nalo huwafaa Ramanuja na Madhva bila shida. "Amefariki", kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni "ametengana", na neno hilo halisemi ametengana na nini. Familia ya mfuasi wa Swaminarayan italisikia kuwa ametengana na mwili. Mfuasi wa Shankara, akiukumbuka mtungi, atauliza ni nani huyo aliyetengana.