Kwa Nini Chanjo ya HPV Sasa Hutolewa Mara Moja: Jibu Lilitafutwa Hapa Mwanza

Kila inapozungumzwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, wazazi wengi huuliza: kama mabinti wa awali walichanjwa mara mbili, kwa nini wa sasa wanachanjwa mara moja? Je, chanjo imepungua, au watoto wetu wanapewa nusu ya kinga? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanalijibu.

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake nchini Tanzania. Husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana na vinavyoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Kwa sababu hiyo chanjo hutolewa mapema, kabla binti hajakutana na virusi hivyo.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima kwa wasichana wenye umri wa miaka 14, kwa dozi mbili zilizopishana miezi sita. Ugumu ulikuwa kwenye dozi ya pili. Katika ukanda wetu wa ziwa, familia huhama kufuata samaki na dagaa, kutoka mwalo mmoja hadi mwingine na kutoka kisiwa hadi kisiwa. Katika miezi sita binti anaweza kuwa amehama shule, au ameacha masomo kabisa.

Watafiti wakajiuliza iwapo dozi moja ingetosha. Kuanzia mwaka 2017, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, kwa kushirikiana na London School of Hygiene and Tropical Medicine na wadau wengine, iliwafuatilia mabinti 930 wa hapa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Wapo waliopata dozi moja, wapo waliopata mbili, na wapo waliopata tatu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya HPV aina ya 16, ambayo ndiyo husababisha saratani hii zaidi kuliko aina nyingine. Kiwango cha kinga hiyo kilikuwa chini kuliko cha waliopata dozi zaidi, lakini kilibaki imara. Katika nchi jirani ya Kenya, utafiti mwingine ulionesha kuwa dozi moja iliwakinga wasichana na wanawake vijana dhidi ya maambukizi yenyewe.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu nchi kutumia dozi moja. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2024, ikapanua pia umri wa walengwa kuwa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo dozi haikupunguzwa kwa sababu ya uhaba. Ilipunguzwa kwa ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo ilitolewa na mabinti wa mkoa wetu.

Kuifikisha chanjo hiyo kwa mlengwa ni kazi ya wengi. Serikali na muungano wa kimataifa wa Gavi hugharamia ununuzi, UNICEF husaidia kuinunua na kuisafirisha, na Shirika la Afya Duniani hutoa ushauri wa kitaalamu. Ikishafika nchini, ni lazima itunzwe katika nyuzi joto 2 hadi 8, kuanzia jokofu la mkoa na wilaya hadi kasha lenye barafu analovuka nalo mhudumu ndani ya mtumbwi. Hata hivyo, hakuna mfadhili anayejua ni nyumba ipi ina binti wa miaka 12 asiyesoma. Anayejua ni mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jirani, na wewe mzazi.

Uvumi kwamba chanjo hii huharibu uzazi hauna ukweli. Binti anaweza kupata maumivu ya mkono, homa ndogo au kizunguzungu cha muda mfupi. Kwa binti anayeishi na VVU, Shirika la Afya Duniani hupendekeza zaidi ya dozi moja. Mzazi azungumze faragha na mtoa huduma.

Wazazi na walezi mnaombwa kufanya mambo matatu. Mpelekeni binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa kwenye zahanati au kituo cha afya, awe anasoma au hasomi. Huduma ni bure. Tunzeni kadi yake, hasa mnapohama. Na akina mama wenye umri wa miaka 30 hadi 50 wafanyiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi, kwa kuwa dalili za awali zikigunduliwa mapema hutibika.