Upenu Usioiba Mwanga wa Chumba cha Kati

Nyumba za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) jijini London zimejengwa kwa safu, ukuta mmoja ukitumiwa na majirani wawili. Kwa mbele zinafanana. Tofauti ziko uani. Huko jiko lilichomoza nyuma kama bawa jembamba, na ubavuni mwake kukaachwa kichochoro. Wengi hukiona kichochoro hicho kuwa mahali pa mapipa ya taka na baiskeli. Kumbe ndicho kinachopeleka mwanga na hewa kwenye dirisha la chumba cha kati, na chumba hicho hakina pengine pa kutazamia nje.

Makosa huanzia hapo. Mwenye nyumba anataka jiko kubwa, fundi anaezeka kichochoro na kusogeza ukuta wa vioo hadi bustanini. Jiko linang'aa. Chumba cha kati kinaingia giza, taa inawaka mchana kutwa, na muda si mrefu kimegeuka stoo. Nyumba imeongezwa chumba kimoja na kupoteza kingine. Kwa hiyo msanifu anayeujali mjengo wa kale huanza kwa kuuliza chumba cha kati kitapata wapi mwanga, ndipo achore jiko.

Jibu bora kabisa liko Lincoln's Inn Fields, papo hapo London. Msanifu John Soane alinunua nyumba namba 12 mwaka 1792, kisha namba 13, na sehemu ya nyuma, palipokuwa na mabanda ya farasi, akaongeza ofisi na ukumbi wa kuwekea mikusanyo yake. Kulia na kushoto alizibwa na majirani. Basi akauleta mwanga kutoka juu. Katika chumba cha kifungua kinywa cha namba 13, alichokijenga mwaka 1812, kuba la dari halifiki kwenye kuta za pembeni. Pande mbili zimeachwa wazi, na madirisha ya paani yanamimina mwanga ukutani. Chumba ni kidogo, lakini aliye ndani hahisi kubanwa.

Nyumba ya kawaida inaweza kufuata njia hiyo bila gharama za Soane. Kichochoro kikiezekwa, kiezekwe kwa vioo. Au, na hili ndilo bora zaidi, kiachwe kiua kidogo cha wazi kati ya chumba cha kati na upenu mpya. Wateja hulalamika kwamba nafasi inapotea. Waache walalamike, wakishahamia ndani wataona walichokipata.

Vifaa navyo vina masharti yake. Nyingi ya nyumba hizi ni za matofali ya manjano yaliyoungwa kwa chokaa, juu ya misingi mifupi, kwenye udongo wa mfinyanzi unaosinyaa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Chokaa hustahimili mtikisiko huo mdogo na kuruhusu unyevu utoke, jambo ambalo mwashi wa Lamu au Mji Mkongwe analijua vizuri. Kiungo cha kale kikizibwa kwa saruji ngumu, unyevu hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, na baridi kali ikilifikia, uso wake hubanduka. Upenu mpya, wenye msingi wa kina zaidi, hautembei pamoja na nyumba kongwe. Panapokutana huachwa mwanya, la sivyo ufa utajichorea wenyewe.

Sheria ya England huruhusu nyumba nyingi za safu kuongezwa nyuma mita 3, kwa ghorofa moja isiyozidi mita 4 kwenda juu, bila kuomba kibali kamili. Mita hizo huhesabiwa kuanzia ukuta wa nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, hivyo upenu wa baadaye tayari umekula sehemu. Katika maeneo ya hifadhi, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, kujenga ubavuni huhitaji kibali. Na anayetaka kugusa ukuta wa pamoja lazima ampe jirani taarifa ya maandishi miezi 2 kabla. Ni uungwana kumpelekea mchoro mkononi kwanza, barua ifuate.

Nyumba ya Soane sasa ni makumbusho, na kuingia ni bure. Anayepanga kujenga upenu London na aende akasimame katika chumba kile mchana, kabla hajamlipa mtu yeyote kwa mchoro.