Utando mwembamba unaovinusuru vifaa vya umeme

Jina la Wembley, kaskazini-magharibi mwa jiji la London, huwakumbusha wengi wetu kandanda. Lakini eneo hilo lina historia nyingine isiyosimuliwa sana. Mwaka 1923 kampuni ya GEC ilifungua rasmi maabara yake ya utafiti huko. Ndimo Eric Megaw na wenzake, mwaka 1940, walimoiboresha magnetroni iliyobuniwa na John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kifaa kilichoiwezesha rada kuwa ndogo zaidi.

Hata hivyo, kifaa kinachofanya kazi vyema katika maabara ya Uingereza si lazima kidumu katika nchi za joto na unyevu. Vita vya Pili vya Dunia vililidhihirisha jambo hilo. Katika misitu ya Burma, walikopigana mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo wazungumzaji wengi wa Kiswahili, vyombo vya mawasiliano viliharibiwa na ukungu na unyevu wa majira ya mvua. Wahandisi walilazimika kuzipaka vanishi sehemu za ndani.

Je, unyevu hufanyaje uharibifu huo? Ndani ya simu, redio au mtambo wa umeme wa jua mna kibao chenye njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme. Unyevu wenye chumvi unapotulia juu yake, umeme huanza kupita pasipopaswa. Shaba huliwa na kutu, na chembe za metali huhama kutoka njia moja kuelekea nyingine, zikiota mfano wa matawi ya mti. Matawi hayo yakigusana na njia ya pili, umeme hukatiza humo na kifaa hufa.

Kinga yake ni utando wa polima, yaani jamii ya plastiki. Aina ya akriliki hupakwa kwa brashi, hupulizwa, au kibao huchovywa ndani yake. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 30 na 130, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mara nyingi huchanganywa na rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, ili mkaguzi aone palipokosa kupakwa. Silikoni nayo hupendelewa panapokuwa na joto kali.

Utando mwembamba zaidi huitwa parilini. Asili yake ni ugunduzi wa Michael Szwarc, mwanakemia mzaliwa wa Poland, mjini Manchester mwaka 1947. Baadaye William Gorham wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani alivumbua njia bora ya kuutengeneza, nao ukaingia sokoni mwaka 1965. Haupakwi kama rangi. Unga maalumu hugeuzwa mvuke katika chombo kilichoondolewa hewa, mvuke huo hupashwa joto la nyuzi 650 hivi au zaidi, kisha hutua juu ya kifaa kilicho katika joto la kawaida na kuufunika kila upenyo. Hutumika hata katika vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vinavyopandikizwa mwilini.

Lakini utando si dawa ya kila ugonjwa. Hakuna polima inayozuia mvuke wa maji kabisa. Chumvi au jasho la vidole vikibaki chini yake, huvuta unyevu kupitia utando wenyewe, ukavimba malengelenge na kutu ikaendelea kwa siri. Kwa hiyo kibao sharti kisafishwe na kukaushwa kwanza. Sehemu za kuchomekea waya nazo huzibwa wakati wa kupaka, kwani utando ungezuia umeme kupita.

Kuna pia suala la matengenezo. Akriliki huyeyushwa kwa kemikali za kawaida, lakini parilini haiyeyuki kirahisi, na fundi hulazimika kuikwangua. Kifaa kilichokingwa vyema huenda kikawa kigumu kutengenezwa.

Kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Maskati, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya nyumba, jambo hili si la maabara pekee. Hospitali inaponunua mashine, au kijiji kinapofunga mtambo wa umeme wa jua, inafaa kuuliza kabla ya kulipa iwapo vibao vya ndani vimepakwa utando, na wa aina gani. Kinga hiyo huwekwa kiwandani kwa gharama ndogo, bali kibao kikishaliwa na chumvi, kukipaka hakukifufui.